Bikira ama muiritu? Neno moja lililopasua kanisa hapa karibu

Wasee wa Gatina, swali la haraka: Mariamu mama ya Yesu alikuwa amekeketwa?

Najua unadhani nimetafuta tu maneno ya kukufanya usimame. Hapana. Hili swali lilibishaniwa na watu wazima, wenye akili zao timamu, mwaka wa 1929, na si mbali na hapa. Toka stage ya Kawangware, pita Riruta, pita Dagoretti, ingia upande wa Kikuyu, uko Thogoto. Kama jam imekuhurumia unafika kabla chapo madondo haijatulia tumboni. Wamisionari wa Kanisa la Scotland walikuwa wamejenga hapo tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, na jina lenyewe Thogoto ni vile wenyeji walitamka "Scot". Hapo ndipo kanisa lilipasuka kwa sababu ya kisu, kidole gumba, na neno moja ndani ya Agano Jipya. Neno lenyewe ni muiritu.

Kabla mtu aniulize nimesomea theolojia wapi: sijasoma. Kampasi niliacha mwaka wa pili na hata kozi yangu haikuwa hiyo. Lakini hakuna mtu huvaa joho ndio afungue kitabu. Na hii mtaa yetu imejaa makanisa ya mabati, spika zimeelekezwa barabarani, na kila siku unasikia mtu anafunga mjadala na maneno mawili: "Biblia inasema." Sawa. Inasema kwa lugha gani? Nani alitafsiri? Na yule mtu wa kwanza kuisikia alisikia nini?

Twende 1926. Huo ndio mwaka Agano Jipya lilitoka kwa Kikuyu. Biblia nzima ilingoja mpaka 1951, kwa hivyo kwa miaka ishirini na tano mtu aliyesoma Kikuyu peke yake alikuwa na Paulo mzima mkononi bila Agano la Kale zima nyuma yake. Kumbuka hiyo, itatusaidia mbele.

Sasa jiweke kwa viatu vya hao watafsiri. Umefika Luka sura ya kwanza, malaika ametumwa kwa msichana. Kigiriki kinasema parthenos. Kiswahili kina bahati, kiliokota "bikira" kutoka Kiarabu na mambo yakaisha. Kikuyu cha wakati huo kilimpanga msichana kwa njia nyingine kabisa. Kama hajapitia irua, yaani ile sherehe ya kutiwa utu uzima pamoja na kukatwa, aliitwa kirigu. Hilo halikuwa jina la kumwita mtu unayemheshimu, lilikuwa tusi. Akishapitia irua, na bado hajaolewa, anakuwa muiritu: mrembo, mwenye heshima, mtu anayeweza kuposwa. Utachagua gani? Utamwita mama ya Bwana kirigu? Watafsiri wakaandika muiritu.

Na hapo ndipo mambo yakageuka. Mtu wa Kiambu akifungua hiyo kurasa hasomi tu kwamba Mariamu hakuwa amelala na mwanaume. Anasoma kwamba Mungu alituma malaika kwa msichana aliyepitia irua. Hajaongeza kitu. Hajapindisha andiko. Imo ndani ya neno, na neno amepewa na misheni.

Si hilo tu. Irua lilikuwa neno moja kwa mvulana na kwa msichana. Kwa hivyo kila mahali Agano Jipya linataja kutahiriwa, iwe ni Ibrahimu, iwe ni Yesu siku ya nane, msomaji Mkikuyu alisikia kitu ambacho dada yake pia alipitia. Usicheke, hata sisi tuko na yetu. "Tohara" tumeitoa kwa neno la Kiarabu la usafi. Kila tukilitamka tumeshahubiri kwamba asiyekatwa ni mchafu, na hatujui kama tumehubiri. Kigiriki chenyewe hakina hiyo hadithi. Peritome ni kukata kuzunguka, basi.

Turudi 1929. Wamisionari walikuwa wamehubiri dhidi ya kukeketa wasichana kwa zaidi ya miaka ishirini. Walikuwa na hospitali, wanawake walikuwa wanafika kujifungua, na waliona kile kovu linafanya wakati mtoto anataka kutoka. Daktari John Arthur wa Thogoto hakuwa anabuni. Mwezi wa Machi 1929 makanisa ya Kiprotestanti yalikutana Tumutumu na kuamua kwamba Mkristo anayekubali mambo hayo atatengwa. Chama cha Kikuyu Central Association, KCA, chini ya Joseph Kang'ethe, kikakataa: kwani mtu lazima aache kuwa Mkikuyu ndio awe Mkristo? Misheni ikajibu kwa karatasi. Utatia sahihi kwamba umeachana na hiyo desturi, na umeachana pia na KCA. Wengi hawakuwa wanaandika, kwa hivyo sahihi ilikuwa kidole gumba kwenye wino. Watu wakaiita kirore. Waliokataa wakaitwa aregi, yaani wale wamekataa.

Ukitaka kujua kwa nini moto ulikuwa mkubwa hivyo, angalia shamba. Wazungu walikuwa wameshachukua ardhi ya Kiambu, na watu walikuwa wameona karatasi na vidole gumba vinaishia wapi. Kukawa na tetesi kwamba wazungu wanataka wasichana wasiokatwa ndio wawaoe, halafu warithi mashamba yaliyobaki. Unaeza sema ni uvumi tu, lakini mtu ambaye amenyang'anywa mara moja hana haja ya ushahidi mwingi. Jomo Kenyatta alikuwa London mwaka huohuo, ametumwa na KCA kupeleka malalamiko ya ardhi. Mwezi wa Desemba maneno ya wasichana wa Kikuyu yakafika Bunge la Uingereza, yamepelekwa na mbunge mwanamke, Duchess wa Atholl. Huku nyumbani vijana walikuwa wanaimba na kucheza Muthirigu, nyimbo za kuwachamba wamisionari na machifu, mpaka serikali ikapiga marufuku Januari 1930. Mwezi huohuo mmisionari Mmarekani, Hulda Stumpf, aliuawa nyumbani kwake Kijabe. Hakuna mtu aliyepatikana na hatia.

Makanisa yakabaki na viti vitupu, na shule zikakosa watoto. Aregi wakajenga zao. Wengine walikusanyika chini ya Kikuyu Independent Schools Association, wengine chini ya Karing'a, ambayo ilikuwa na nguvu sana upande huu wa kusini mwa Kiambu. Lakini hawakutupa Biblia. Hii ndio sehemu watu huruka. Walitaka ubatizo, walitaka mapadri, walitaka kila kitu isipokuwa mmisionari wa kuwashika kidole. Wakamleta askofu Mwafrika kutoka Afrika Kusini, Daniel William Alexander, wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, kanisa ambalo mizizi yake iko kwa watu wa Marcus Garvey kule Marekani. Alikuja 1935, akafundisha na kuwawekea mikono wengine, akaondoka 1937. Mmoja wao, Arthur Gathuna, hakuridhika mpaka akapata Waorthodoksi wenyewe wa Alexandria, kule Misri, na 1946 wakatambuliwa. Ndio maana ukipita Riruta leo unakuta seminari ya Waorthodoksi inayoitwa Makarios III, jina la askofu mkuu wa Kupro. Umewahi kujiuliza Wagiriki walitafuta nini Riruta? Sasa unajua kisa kilianzia wapi.

Sawa. Tufungue andiko lenyewe.

Mathayo akisema kuhusu Mariamu anamrudisha msomaji kwa Isaya sura ya saba. Hiyo sura haianzi na malaika. Inaanza na vita. Ni karibu mwaka wa 734 kabla ya Kristo. Mfalme Ahazi wa Yuda yuko Yerusalemu anatetemeka, kwa sababu wafalme wawili wa jirani, Resini wa Dameski na Peka wa Israeli, wameungana kuja kumtoa. Isaya anatumwa kukutana naye kando ya mfereji wa bwawa la juu, njia ya kwenda shamba la wafua nguo. Napenda sana hiyo picha. Mfalme hayuko hekaluni, yuko kwa maji, na mimi naona ni mtu anayehesabu mji utavumilia siku ngapi ukizingirwa. Mtu yeyote wa mtaa ambao mifereji hukauka anaelewa.

Isaya anamwambia: utapewa ishara. Msichana fulani ana mimba, atazaa mwana, na kabla huyo mtoto hajajua kuchagua mema na kukataa mabaya, nchi za hao wafalme wawili zitakuwa ukiwa. Yaani miaka michache tu. Na ikawa hivyo, Waashuru waliiteka Dameski 732. Kwa Ahazi ishara ilikuwa saa: mtoto anakua, adui anapungua. Neno la Kiebrania la huyo msichana ni almah. Almah ni msichana aliyefika umri wa kuolewa. Kiebrania kina neno lingine, betulah, ambalo hutumika zaidi mtu akitaka kusisitiza ubikira, na Isaya hakulitumia hapa.

Miaka mia kadhaa baadaye Wayahudi wa Misri walihitaji maandiko kwa Kigiriki, na mtafsiri wa Isaya akaandika parthenos. Hata hilo halikuwa limefungwa sana. Kwenye Mwanzo 34, hiyo tafsiri ya Kigiriki inamwita Dina parthenos baada ya Shekemu kumnajisi. Lakini neno lilikuwa limeanza safari. Mathayo alisoma Kigiriki, akaona pale zaidi ya kile Ahazi aliona, akaandika alichoamini kuhusu kuzaliwa kwa Yesu. Mimi simkosoi Mathayo. Nasema tu kwamba Ahazi na Mathayo hawakusimama kwa mfereji mmoja.

Sasa angalia hii. Almah: umri, heshima, tayari kwa ndoa. Muiritu: umri, heshima, tayari kwa ndoa. Watafsiri wa Kikuyu, bila kukusudia, walikaribia Kiebrania cha Isaya kuliko hata Kiswahili chetu na "bikira" yake. Shida ni kwamba neno lilikuja na kisu chake mfukoni.

Na usidhani ni Waafrika peke yao walipigana juu ya hilo neno. Mwaka wa 1952, Wamarekani walipotoa tafsiri mpya, Revised Standard Version, iliyoandika "mwanamke kijana" pale Isaya 7:14, mhubiri mmoja wa North Carolina alichoma ule ukurasa kwa moto. Huo ndio mwaka hali ya hatari ilitangazwa Kenya, halafu shule za aregi zikafungwa na serikali. Hakuna mtu aliandika kitabu kuhusu ushirikina wa watu wa North Carolina.

Kwa hivyo Mariamu alikeketwa? Hapana. Soma Mwanzo 17: agano la Ibrahimu linataja kila mwanamume, mtoto wa siku nane, mtumwa aliyenunuliwa, wote wa kiume. Torati nzima haina mstari hata mmoja wa kukata msichana. Na si kwa sababu jambo lenyewe halikujulikana kwa majirani. Kuna karatasi ya mafunjo kutoka Misri, ya mwaka 163 kabla ya Kristo, inayotaja msichana anayetayarishwa kukatwa vile desturi ya Wamisri ilikuwa. Desturi ilikuwa jirani na Biblia, na Biblia haikuichukua. Kwa hiyo hoja wamisionari walikuwa sahihi. Na kwa yale waliona hospitalini walikuwa sahihi zaidi.

Lakini halafu kuna Wagalatia, na hapa nitaudhi watu pande zote.

Galatia iko nchi ya Uturuki ya leo. Paulo alipita huko, watu wasio Wayahudi wakaamini, akaondoka. Nyuma yake wakaja walimu wengine wakawaambia wale wanaume: vizuri, lakini bado hamjakamilika, kateni kwanza ndio muwe watoto wa Ibrahimu. Paulo alikasirika mpaka akaandika mstari ambao wahubiri wengi husoma haraka haraka. Sura ya tano, mstari wa kumi na mbili, anatamani hao wanaowasumbua watu wajikate kabisa kila kitu. Hii barua haizungumzi juu ya wasichana. Haizungumzi hata juu ya kama kutahiri ni kuzuri ama kubaya kiafya. Ugomvi wake ni mlango: nani ana haki ya kusimama mlangoni na kudai alama mwilini kabla mtu hajaitwa ndugu?

Sasa isome ukiwa Thogoto mwisho wa 1929. Wazee wanasema bila irua wewe si mwanamke, hutaolewa, hutaheshimiwa. Hiyo ni alama mlangoni. Misheni inasema bila kirore huna sakramenti, mwalimu hana kazi, na uachane na chama kinachodai shamba lako. Hiyo pia ni alama mlangoni, na ilikuwa kwa kidole. Sisemi ni sawa. Wino hunawika, na kisu hakirudishi kitu. Nasema misheni ilikuwa sahihi juu ya kisu na ikakosea juu ya kidole, na kwa sababu ya kidole wasichana wengi walikatwa miaka hiyo na wazazi waliotaka tu kuonyesha mzungu kwamba hawaogopi.

Kisa kama hicho kilirudi Meru 1956. Baraza la wazee, Njuri Ncheke, lilipopiga marufuku kukeketa, wasichana wenyewe walichukua wembe wakakatana porini. Wakaitwa Ngaitana, maana yake nitajikata mwenyewe.

Mbona namwaga haya yote 2020-na-kitu? Kwa sababu sheria ya kupiga marufuku ukeketaji iko tangu 2011, na utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 bado ulikuta asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Mwaka 2014 ilikuwa 21. Inashuka, lakini kuna jamii ambazo bado ni karibu kila msichana. Gatina tumetoka kila pembe ya nchi, na Novemba ikifika kuna wasichana wanapakiwa kwa basi kwenda ushago na hawaambiwi ni likizo ya aina gani. Mwaka jana mmoja wa miaka kumi na sita aliniandikia usiku. Shosho yake amemwambia kutahiriwa kuko kwa Biblia, na ni kweli kuko, ameonyeshwa mistari. Aliniuliza tu: ni mimi wanazungumzia? Nilimjibu na Mwanzo 17, nikamwambia ahesabu kila mahali pameandikwa "mwanamume". Halafu nikampa 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, kwa sababu shosho hashindwi na sarufi.

Lakini nilitamani ningekuwa nimemtumia kitu kingine pia, kwa sababu katika hii hadithi yote mpaka sasa umesikia Arthur, Kang'ethe, Kenyatta, Gathuna, Paulo, Isaya. Wanaume wanabishana juu ya maana ya msichana. Wasichana walikuwa wapi?

Walikuwa Nyeri, wanaandika. Kulikuwa na kikundi cha wanawake Wakristo kilichoitwa Ngo ya Tuiritu. Ngo ni ngao. Tuiritu ni neno letu lilelile, muiritu, likiwa wengi na limefanywa dogo: ngao ya wasichana. Mmoja wao alikuwa Raheli Warigia, mama yake mwandishi Gakaara wa Wanjau. Waliandikia baraza la wenyeji la Nyeri Kusini kwamba wamesikia wanaume wanajadili mambo ya kukeketa wanawake na wanashangaa, kwa sababu wanaume hawazai na hawajui uchungu wake. Kwamba wengine hufa, wengine hukosa kuzaa. Kwamba watu wanakamatwa kama kondoo. Kwamba kila mmoja aachwe akubali ama akatae, bila mtu kumwamulia mwili wake.

Hawakusema wanataka kuwa mabikira wa Kiswahili wala wa Kigiriki. Walijiita tuiritu, lile jina la heshima, na wakadai kwamba asiyetaka kukatwa asikatwe. Hakuna kamati ya tafsiri iliyowapa ruhusa. Leo ukiingia soko la Kawangware umwite msichana yeyote muiritu, atageuka tu kuuliza unataka nyanya za ngapi.

Barua yao ina tarehe 25 Desemba 1931.